Carl Ludwig (1816–1895) na Nguvu ya Tezi ya Mate

Carl Friedrich Wilhelm Ludwig alizaliwa tarehe 29 Desemba 1816 katika mji mdogo wa Witzenhausen, Ujerumani. Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Marburg, na hakuwa kijana mtulivu. Siasa na ugomvi wa wanafunzi vilimfanya aondolewe chuoni kwa muda, na pambano la panga lilimwachia kovu mdomoni maisha yake yote. Alirudi, akahitimu, akabaki hapo kufundisha.

Jambo la kwanza la kukumbuka juu yake ni figo. Mwaka 1842 Ludwig alieleza kwamba mkojo huanza kwa kuchujwa: shinikizo la damu husukuma maji na chumvi kupitia kuta za mishipa midogo ya figo, na protini hubaki nyuma. Hakuhitaji kutaja nguvu ya ajabu ya uhai, ambayo wasomi wengi wa siku zile waliikimbilia kila walipokwama. Yeye na rafiki zake Helmholtz, du Bois-Reymond na Brücke walishikilia kwamba mwili hufuata kanuni zilezile za fizikia na kemia. Mwaka 1847 akatengeneza kimografu, chombo chenye kalamu inayochora kupanda na kushuka kwa shinikizo la damu juu ya karatasi inayozungushwa. Kuanzia hapo shinikizo likawa kitu cha kupimwa.

Sasa jiweke mahali pake. Umekwisha kueleza figo kwa kuchuja, na kipimo unacho. Je, mate nayo si yatakuwa yanachujwa tu kutoka kwenye damu? Ndivyo wanavyoandika watahiniwa wengi hadi leo, na ndivyo ilivyokuwa rahisi kudhani wakati ule.

Ludwig alihamia Zürich, Uswisi, mwaka 1849, na huko akalijaribu jambo hilo. Alichukua mbwa, akaingiza mrija katika mfereji unaotoa mate kwenye tezi iliyo chini ya taya, akauunganisha na kipimo cha shinikizo. Kipimo kingine akakiweka kwenye ateri ya shingo. Kisha akasisimua kwa umeme neva inayokwenda kwenye tezi. Mate yalitoka, na shinikizo ndani ya mfereji likapanda hadi likapita lile la ateri. Hata damu ilipokoma kuzunguka, kusisimua neva kuliendelea kutoa mate kwa muda.

Fikiri maana yake kabla hujasoma zaidi. Maji hayapandi mlima yenyewe. Kama damu ndiyo ingekuwa inasukuma mate, mtiririko ungekoma mara tu shinikizo la pande mbili lilipolingana. Basi msukumo ulitoka ndani ya tezi, kwenye seli zake. Matokeo hayo, yaliyochapishwa mwaka 1851, yalionyesha mipaka ya maelezo aliyoyapenda mwenyewe, na Ludwig aliyatoa hivyohivyo. Kwa maoni yetu hapa ndipo alipokuwa mkubwa kuliko kwenye kimografu.

Namna seli inavyofanya kazi hiyo hakuweza kuijua, kwani nadharia ya Arrhenius kuhusu ayoni ndani ya maji ilikuja miaka ya 1880. Wewe unatakiwa kuijua. Anzia upande wa seli unaoelekea damu. Pampu ya sodiamu na potasiamu hutoa ayoni 3 za sodiamu nje na kuingiza 2 za potasiamu kwa kila molekuli moja ya ATP. Sodiamu ikishapungua ndani hutamani kurudi, na inaporudi kupitia protini nyingine ya utando huvuta pamoja nayo potasiamu na kloraidi. Kloraidi hurundikana ndani ya seli, ikisubiri. Neva inapotoa asetilikolini, kalsiamu hupanda ndani ya seli na milango ya kloraidi upande wa mfereji hufunguka. Kloraidi hutoka ikiwa na chaji hasi, sodiamu huifuata kwa kupenya katikati ya seli na seli, na maji huzifuata zote mbili kwa osmosisi. Ndiyo maana kipimo cha Ludwig kilipanda: maji yalivutwa na chumvi iliyosafirishwa kwa nishati ya seli, hata dhidi ya shinikizo.

Usiishie hapo, maana mtahini anaweza kukuuliza kwa nini mate si ya chumvi kama damu. Seli za kuta za mifereji huirudisha sodiamu na kloraidi mwilini, lakini haziruhusu maji mengi kupita. Mate yakitiririka kwa kasi, seli hizo hukosa muda wa kutosha, na chumvi nyingi zaidi hubaki ndani yake.

Mwaka 1855 Ludwig alikwenda Vienna, na mwaka 1865 Leipzig, ambako taasisi yake ya fiziolojia iliwavuta vijana kutoka nchi nyingi. Pavlov, ambaye baadaye alipata Tuzo ya Nobel ya mwaka 1904 kwa kazi yake juu ya usagaji wa chakula, alipitia hapo. Mara nyingi Ludwig ndiye aliyebuni jaribio na hata kulifanya kwa mkono wake, kisha akaliacha lichapishwe kwa jina la mwanafunzi peke yake. Alifariki Leipzig tarehe 23 Aprili 1895.

Pampu yenyewe ilitambuliwa mwaka 1957 na Jens Skou wa Denmark, aliyefanya kazi na neva za kaa. Moja ya vitu vinavyoizuia ni wabaini, sumu iliyomo katika msunguti, mti ambao wawindaji wa Afrika Mashariki wamechemsha tangu zamani kupaka mishale. Ukimwagia tezi ya mate sumu hiyo, pampu husimama, kloraidi hairundikani tena, na hata neva isisimuliwe vipi mate hukauka.