Castrén, mutafuta lugha za Siberia

Matthias Castrén alizaliwa katika Ufini mwaka 1813, mutoto wa pasta. Toka 1845 mupaka 1849 alizunguka Siberia, akaandika lugha za Wasamoyedi, ndio Wanenets, Waselkup na wenzao. Kifua kilimugonjwesha sana, lakini hakurudi mbele ya kazi kwisha. Njo akaonyesha kama Kisamoyedi ni ndugu ya Kifini. Kwa hiyo jamaa ya Urali ikahesabiwa matawi mawili: Kisamoyedi kipekee, na Kifini pamoja na Kihungari upande ingine. (Leo wataalamu fulani wanabishia ule mugawanyo.) Alifikiri Kituruki nacho ni ndugu, pale wengi hawamufuati. Mwaka 1851 akawa profesa wa kwanza wa Kifini kule Helsinki. Kumbe 1852 akafa, miaka 38 tu! Sarufi yake ya Kisamoyedi, Schiefner aliitengeneza, ikatoka 1854.