MAISHA YA SHEKHE RAISI IBN SINA, NA ALIYOYAELEZA KATIKA KHABARI ZA UBONGO

Bismillahi Rahmani Rahim. Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu akampa macho ya kuonea, masikio ya kusikilia na akili ya kupambanulia. Rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Katika mji wa Morogoro, na katika vijiji vya milima ya Uluguru, tangu Mkuyuni na Kinole hata Mgeta, ni wachache wasioijua taabu ya maradhi ya kichwa. Mtoto hushikwa na degedege usiku wa manane; kijana huanguka kifafa karibu na mafiga; mzee aliyekuwa mpole hupatwa na kiharusi, akawa mkali hata wanawe wasimtambue. Wengi wakiyaona hayo hunena kuwa mgonjwa amerogwa, au amelaaniwa, au ana shetani. Basi hufichwa ndani, na siku za kumtibu zikapita bure. Katika mambo hayo alisema mwanachuoni mmoja mkubwa wa Kiislamu yapata miaka elfu iliyopita, na maneno yake yangali yana faida. Huyo ni Abu Ali Husein bin Abdillah, maarufu kwa jina la Ibn Sina, aliyeitwa na watu Shekhe Raisi.

KUZALIWA KWAKE NA KUSOMA KWAKE

Alizaliwa katika mwaka wa 370 wa Hijra, nao ni mwaka 980 wa Miladi, katika kijiji cha Afshana, karibu na mji wa Bukhara. Baba yake alikuwa mtu wa Balkh, akitumikia dola ya Wasamani. Walipohamia Bukhara mtoto alitiwa kwa mwalimu wa Kurani na mwalimu wa adabu, na alipotimia miaka kumi alikuwa amekwisha kuhifadhi Kurani na kusoma vitabu vingi vya adabu. Hesabu ya Kihindi alifundishwa na muuza mboga, fikihi alisoma kwa Ismail Zahid, na mantiki kwa Abu Abdillah Natili. Haukupita muda akawapita walimu wake, akawa anasoma peke yake.

Kisha akaishika elimu ya tiba, akiwatazama wagonjwa kwa macho yake pamoja na kusoma vitabu. Usiku akiwasha taa akisoma. Na jambo likimshinda akienda msikitini, akisali na kumwomba Mola amfungulie. Kitabu cha Aristotle katika elimu ya yaliyo nyuma ya maumbile alikisoma mara arobaini asikifahamu, hata siku moja sokoni dalali akamshika amnunulie kitabu cha Farabi kwa dirhamu tatu. Alipokisoma hicho, cha kwanza kikamfunukia. Naye kesho yake akatoa sadaka kwa masikini kumshukuru Mwenyezi Mungu.

Hakuwa ametimia miaka kumi na minane alipoitwa kumtibu Sultani Nuhu bin Mansuri. Ujira aliouomba ulikuwa ruhusa ya kuingia katika maktaba ya wafalme, nyumba yenye vyumba vingi na masanduku ya vitabu, kila chumba na elimu yake. Humo alisoma vitabu ambavyo watu wengi hawakupata kusikia hata majina yake.

SAFARI ZAKE NA MASHAKA YAKE

Baba yake alipokufa, na dola ya Wasamani ilipoanguka, Ibn Sina alihama mji hata mji: Gurganj, kisha Jurjani, kisha Rayi, kisha Hamadani, na mwisho Isfahani. Jurjani ndiko alikoandamana naye mwanafunzi wake Abu Ubeid Juzjani, aliyeandika khabari za maisha yake. Huko Rayi alimtibu mtawala Majdu Daula maradhi ya huzuni nyingi. Huko Hamadani alimtibu Shamsu Daula tumbo la msokoto, akafanywa waziri. Askari wakamwasi, wakateka nyumba yake, wakataka auawe, naye akajificha siku arobaini. Tumbo la mtawala liliporudi, alitafutwa, akaombwa radhi, akarudishwa katika uwaziri. Baada ya kufa Shamsu Daula alifungwa miezi minne katika ngome ya Fardajani, na humo kifungoni hakuiacha kalamu. Alipopata nafasi alitoka Hamadani kwa siri, amevaa nguo za masufi, akaenda Isfahani.

Katika mashaka hayo ndipo alipotunga Kanuni ya Tiba, vitabu vitano, na Shifaa, iliyokusanya elimu za hekima. Mchana alikuwa na kazi ya serikali, na usiku wanafunzi wakakusanyika kwake kusoma. Mwanafunzi wake hakuficha kuwa baada ya masomo palikuwa na ulevi na nyimbo. Nayo hayo hayafuatwi, elimu ndiyo inayochukuliwa.

ALIYOYAELEZA KATIKA UBONGO

Ibn Sina alifundisha kuwa mwanadamu ana hisi tano za nje, nazo zajulikana, na nguvu tano za ndani, nazo zina makao katika vyumba vya ubongo. Ya kwanza ni hisi ya pamoja, iliyo mbele kabisa, ambamo hukutana yaliyoletwa na macho, masikio, pua, ulimi na ngozi. Dalili yake ni tone la mvua lianguka, nalo laonekana kama uzi. Au kijinga cha moto kikizungushwa gizani, nacho chaonekana kama pete. Jicho halikuona ila nukta moja moja, basi lazima iwepo ndani nguvu inayounganisha. Ya pili ni khayali, hazina inayoweka sura za vitu vikiisha kuondoka. Ya tatu ni nguvu ya kuunga na kutenga sura hizo, nayo katika mwanadamu huitwa fikira. Makao yake ni chumba cha kati. Ya nne ni wahmu, inayotambua maana isiyoonekana, kama uadui na mapenzi. Ya tano ni hifadhi, iliyo chumba cha nyuma, inayoziweka maana hizo.

Mfano wake wa wahmu ni kondoo na mbwa mwitu. Kondoo hakufundishwa na mtu, walakini akimwona mbwa mwitu hukimbia. Mchunga mbuzi wa Uluguru ajua vivyo hivyo: mwanambuzi aliyezaliwa juzi hushtuka kwa harufu ya chui asiyepata kumwona. Macho huona rangi na umbo tu. Uadui hauna rangi. Basi hofu ina mahali pake katika kichwa, mbali na mahali pa kuona.

Na alijuaje kuwa kila nguvu ina mahali pake? Alijua kwa madhara. Mtu akiumia upande mmoja wa ubongo huharibika kazi moja, na nyingine zikabaki salama. Mmoja hupoteza ukumbusho na fikira yake ni nzima; mwingine huona yasiyokuwapo na hali akumbuka kila kitu. Hii ndiyo njia ya matabibu hata leo.

Aliijua pia nguvu ya moyo wa huba juu ya mwili. Katika Kanuni alieleza kuwa mgonjwa wa mapenzi asiyetaja jina la ampendaye hushikwa mshipa wa mkono, na majina yakatajwa moja moja; jina likiwa ndilo, mshipa hubadilika ghafula. Na Nizami Arudi, aliyeandika katika karne ya 12, alisimulia kuwa mwana mmoja wa wafalme alijidhani kuwa ni ng'ombe, akilia kama ng'ombe na kutaka achinjwe, wala hali chakula. Ibn Sina akamjia kwa namna ya mchinjaji, akamfunga, akampapasa mbavu, akamwambia kuwa amekonda, hafai kuchinjwa mpaka anenepe. Mgonjwa akaanza kula, na pamoja na chakula akapewa dawa, hata akapona.

Na katika mlango wa maradhi ya huzuni nyingi alieleza jambo linalofaa kuandikwa juu ya mlango wa kila mgonjwa. Baadhi ya watu walisema kuwa maradhi hayo hutokana na majini. Yeye hakushindana nao, wala hakuwakubali. Alisema kuwa tabibu hana haja ya kujua kama ni jini au si jini, kwani hata ikiwa jini ndiye, hamdhuru mtu ila kwa kuyageuza maji ya mwili wake, na sababu iliyo karibu ni hayo maji. Basi atibiwe mwili.

KAULI YA WANAVYUONI WA KISHAFII

Pengine atauliza mtu: je, Imamu Ghazali hakumpinga Ibn Sina? Naam, alimpinga vikali. Katika Tahafut aliwajibu wanafalsafa katika masuala 20, na katika matatu akawahukumia ukafiri. Lakini katika kitabu hicho hicho alizitaja nguvu hizi za ndani na makao yake katika ubongo, kisha akasema kuwa hapana ndani yake jambo linalolazimu kukanushwa na sharia. Na katika Ihyaa akazitaja mwenyewe alipoeleza ajabu za moyo. Imamu huyo alikuwa Shafii, akafa mwaka 505 wa Hijra.

Ni kweli kuwa Mashafii wengi walisema kuwa akili makao yake ni moyo, na Imamu Abu Hanifa akanasibishiwa kusema kuwa ni kichwa. Hata hivyo wote waliona kuwa kipigo cha kichwa huondoa akili. Na katika Minhaji ya Imamu Nawawi, isomwayo madrasani, mtu akimwondolea mwenziwe akili kwa kumpiga, yampasa dia kamili, kama ya nafsi. Na mwenye wazimu hana taklifu mpaka arudiwe na akili. Basi sharia imemhesabu kuwa mgonjwa mwenye udhuru, haikumhesabu kuwa mwenye dhambi. Nawe mwalimu wa chuo, tazama fimbo yako: kichwa cha mwanafunzi si mahali pa kutia adabu.

KUFA KWAKE

Ibn Sina alipatwa na maradhi ya tumbo la msokoto, yale yale aliyowatibu wengine. Alijitibu kwa haraka kupita kiasi, na watumishi wakazidisha dawa, nguvu zikamwishia. Alipojua kuwa tiba haifai tena aliiacha, akatubu, akatoa mali yake sadaka, akawaacha huru watumwa wake, akawa akikhitimu Kurani kila siku tatu. Akafa Hamadani katika mwezi wa Ramadhani mwaka 428, nao ni 1037 wa Miladi, na kaburi lake liko huko.

YALIYOJULIKANA BAADA YAKE

Kanuni ilifasiriwa kwa Kilatini huko Toledo katika karne ya 12, ikasomeshwa Ulaya hata karne ya 17. Ibn Sina hakuwa mtume, basi alikosea pia. Vile vyumba alivyodhani kuwa makao ya akili vina maji tu. Kazi hufanywa na nyama ya ubongo yenyewe inayovizunguka, na hilo lilizidi kudhihiri tangu Vesalius alipotoa kitabu chake cha viungo mwaka 1543. Nao moyo, aliousema kuwa asili ya nguvu zote, kazi yake ni kusukuma damu.

Walakini asili ya neno lake imethibiti. Mwaka 1848, huko Marekani, msimamizi wa kazi ya reli aitwaye Phineas Gage alipenywa na mtaimbo, ukaingia shavuni ukatokea juu ya paji. Akaishi, akasema, akatembea; ila waliomjua walisimulia kuwa tabia yake ilibadilika, kwani sehemu ya mbele ndiyo izuiayo ghadhabu na kupima mambo. Mwaka 1861, huko Paris, Broca alionyesha ubongo wa mtu aliyekuwa akifahamu maneno na hawezi kutamka ila silabi moja. Akakuta ubovu upande wa kushoto, mbele. Mwaka 1953 mgonjwa mmoja wa kifafa wa Marekani alikatwa sehemu za ndani ya ubongo, kulia na kushoto usawa wa masikio. Akabaki na kumbukumbu za utotoni, lakini la leo hakulikumbuka kesho. Kuona kuna makao yake kisogoni. Nayo hofu, ile ya kondoo, ina kiungo kidogo mfano wa lozi kila upande, na Waarabu wa leo hukiita lauza. Kikiharibika pande zote mbili, mtu aweza kumshika nyoka bila ya hofu.

FAIDA KWA WATU WA MOROGORO

Jua, ewe msomaji, kuwa hayo yote yarudi nyumbani. Degedege, ambayo wazee waliinasibisha na ndege wa usiku au shetani, mara nyingi ni homa kali, na pengine malaria iliyoingia ubongoni. Saa moja ya kungoja yaweza kuchukua roho ya mtoto au akili yake. Kifafa ni msukosuko wa ubongo wala hakiambukizi kwa mate. Kusini ya mkoa huu wa Morogoro, huko Mahenge, daktari Louise Jilek-Aall wa Norwei alianza mwanzoni mwa miaka ya 1960 kuwatibu watu wa kifafa waliokuwa wakiepukwa, wengi wana makovu ya moto kwa kuwa wakianguka mekoni watu huogopa kuwagusa. Uchunguzi wa baadaye umeonyesha kuwa kifafa huzidi katika vijiji vyenye usubi, uletwao na inzi wadogo wa mitoni. Na dawa za usubi na za kifafa zipo.

Basi aangukaye mwondoe karibu na moto, mlaze ubavu, usimtie kitu kinywani, kisha mteremshe hospitali. Atakaye kumsomea Kurani na amsomee, kwani ni baraka. Lakini asimfunge kamba, asimnyime dawa, wala asimwite mlaaniwa. Ibn Sina hakumpokonya mtu itikadi yake. Alimtaka amtibu mgonjwa tu.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa, awape subira wanaowauguza, na amsamehe Ibn Sina makosa yake. Wabillahi taufiki.