Lewis Fry Richardson, mtu aliyeigawa anga matabaka matano

Kitabu kilichofungua njia ya utabiri wa kisasa wa hali ya hewa kilinusurika chini ya lundo la makaa ya mawe nchini Ubelgiji. Mwandishi wake, Mwingereza Lewis Fry Richardson, alikuwa dereva wa gari la kubebea majeruhi katika Vita Kuu ya kwanza ya dunia. Karatasi zake zilipotea mwaka wa 1917 wakati wa mapigano ya Champagne, Ufaransa, na ilipita miezi kadhaa kabla hazijaonekana.

Alizaliwa tarehe 11 Oktoba 1881 mjini Newcastle, katika familia ya Waquaker, Wakristo wanaokataa vita. Mwaka wa 1913 alipewa kusimamia kituo cha Eskdalemuir huko Scotland. Vita vilipozuka hakukubali kushika bunduki, lakini kubaki salama wakati wengine wanakufa kulimshinda pia. Mwaka wa 1916 aliacha kazi, akaenda kubeba majeruhi wa jeshi la Ufaransa.

Huko, kati ya safari moja na nyingine, alipiga hesabu kwa mkono. Alichagua siku iliyokwisha kupita, tarehe 20 Mei 1910, kwa sababu siku hiyo maputo yalikuwa yamerushwa Ulaya kupima hewa ya juu. Aliikata ramani vipande vya kilomita kama 200, kisha akaikata anga kwenda juu matabaka matano, kila moja likibeba karibu sehemu moja ya tano ya uzito wa hewa yote. Tabaka la juu kabisa lilianzia kilomita 12 hivi na kuendelea hadi hewa inapoisha. (Mawingu ya radi ya bonde la Kongo hupita kimo hicho mara nyingi.)

Jibu lilikuwa baya mno. Hesabu ilionyesha mgandamizo wa hewa ukipanda milibari 145 ndani ya saa sita, kumbe siku ile haukusogea sana. Hata hivyo alilichapisha kosa lake lote mwaka wa 1922. Leo inajulikana kwamba uchache wa matabaka haukuwa chanzo: vipimo vya upepo alivyoanzia havikulingana na vile vya mgandamizo.

Mwaka wa 1950, kundi la Jule Charney lilifanya utabiri kwa kompyuta huko Marekani, kwa tabaka moja tu, na ukakaribia ukweli. Charney alimpelekea Richardson habari hizo. Lakini tabaka moja haliwezi kuzaa dhoruba mpya, kwa maana dhoruba za Ulaya hukua pale upepo wa juu unapotofautiana na wa chini, joto likipanda. Mwaka wa 1956 Norman Phillips alitumia mawili, dhoruba zikajitokeza zenyewe. Sasa kituo cha utabiri cha Ulaya kinahesabu matabaka 137, hadi kilomita 80 hivi, na mengi yamebanwa karibu na ardhi.

Richardson mwenyewe aliiacha idara ya hali ya hewa mwaka wa 1920, ilipowekwa chini ya wizara ya jeshi la anga. Miaka yake ya mwisho aliitumia kutafuta kwa hesabu chanzo cha vita. Alifariki tarehe 30 Septemba 1953 huko Kilmun, Scotland. Vitabu vyake viwili kuhusu vita vilitolewa na wachapishaji mwaka wa 1960.