Maisha ya D. O. Fagunwa, Mtunzi wa Riwaya za Kiyoruba

Katika sura hii tunatazama wakati uliopita na masimulizi. Kifungu tulichokiandaa kinahusu mwalimu aliyejipatia jina kwa kusimulia.

Daniel Olorunfemi Fagunwa alizaliwa mwaka 1903 katika mji wa Oke-Igbo, kusini-magharibi mwa Naijeria. Wazazi wake walikuwa Wayoruba walioingia Ukristo, naye akasomeshwa katika shule ya misheni. Mwaka 1926 alijiunga na chuo cha ualimu cha St. Andrew's mjini Oyo, akahitimu, akabaki hapo kufundisha.

Siku hizo Kiingereza kilikuwa lugha ya serikali na ya vyeo. Kiyoruba kilikuwa na utajiri mkubwa wa ngano na methali, lakini riwaya zilizoandikwa kwa lugha hiyo zilikuwa za kuhesabika. Idara ya elimu ilipoandaa shindano la uandishi, Fagunwa alitunga kwa lugha aliyonyonya nayo. Kitabu chake, Ogboju Ode Ninu Igbo Irunmale, kikachapishwa mwaka 1938. Ndani yake mwindaji Akara-ogun anaingia katika msitu wa majini na mazimwi, kisha anamjia mwandishi na kumwomba ayaandike yote yaliyomkuta. Msomaji aliyelelewa kwa hadithi za jioni alijiona yuko nyumbani.

Mwaka 1949 alitoa Igbo Olodumare na Ireke Onibudo, akafuatisha Irinkerindo Ninu Igbo Elegbeje mwaka 1954 na Adiitu Olodumare mwaka 1961. Vitabu hivyo vilisomwa sana shuleni. Wahakiki wengine walimlaumu kwamba wahusika wake huacha safari ili wahubiri, na lawama hiyo ina msingi: mwalimu hakumwacha mtunzi peke yake. Hata hivyo, wasomaji walivumilia mahubiri kwa ajili ya utamu wa lugha.

Mwezi Desemba 1963, akiwa safarini karibu na Bida, alizama mtoni akafa. Mwaka 1968 Wole Soyinka alikitafsiri kitabu chake cha kwanza kwa Kiingereza, na walimwengu wakamjua mtu ambaye Wayoruba walikuwa wamemsoma kwa miaka 30.

Sisi tunafundisha Kiswahili mahali ambapo watoto wengi huzungumza lugha nyingine nyumbani, na ambapo Kiswahili chenyewe huweza kuonekana kuwa somo la mtihani tu. Maisha haya yanatuonya. Mwanafunzi hataipenda sarufi ya lugha ambayo hajawahi kusimuliwa hadithi kwayo, na ngano za kwao zaweza kuwa mlango wake wa kuingilia.

Sasa tukirudie kifungu. Tuviorodheshe vitenzi vyenye -li- na vile vyenye -ka-, kisha tueleze: kwa nini alizama huanza na akafa hufuata? Mwisho, kila mwanachuo aandike aya moja ya ngano ya kwao akitumia viambishi vyote viwili.