Usuli wa Shamba la Wanyama: Maisha ya George Orwell

Watahiniwa wengi wakiulizwa kuhusu usuli wa riwaya hii huandika orodha tu: nguruwe mtawala ni Stalin, nguruwe aliyefukuzwa ni Trotsky, mwenye shamba ni mfalme wa Urusi, basi. Orodha hiyo ni sahihi, lakini haielezi kwa nini Mwingereza ambaye hakuwahi kukanyaga Urusi aliandika habari za huko, tena kwa uchungu. Jibu utalipata katika maisha yake. Yasome kwa makini, hasa ile miezi sita ya Hispania.

Jina lake halisi ni Eric Arthur Blair. Alizaliwa tarehe 25 Juni 1903 huko Motihari, India, ambako baba yake alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni katika idara ya afyuni. Alipelekwa Uingereza angali mtoto mchanga, akasomea Eton, shule ya watoto wa wakubwa, kwa msaada wa masomo. Mwaka 1922 alikwenda Burma kuwa afisa wa polisi. Kwa miaka mitano alishuhudia jinsi watu wachache wanavyowatawala wengi kwa bunduki, jela na maneno matamu. Aliichukia kazi hiyo, akaiacha mwaka 1927. Kumbuka basi kwamba mwandishi huyu aliwahi kuwa upande wa mtawala kabla ya kuwa mtetezi wa watawaliwa.

Baada ya hapo aliishi na maskini wa London na Paris, na mwaka 1933 akatoa kitabu kuhusu maisha hayo kwa jina la George Orwell. Orwell ni mto ulioko mashariki mwa Uingereza. Mwaka 1936 aliwatembelea wachimba makaa ya mawe wa Wigan, akatoka huko akiwa msoshalisti. Usilisahau neno hilo, tutalirudia.

Mwaka huohuo Jenerali Franco aliasi dhidi ya serikali ya jamhuri ya Hispania. Hitler na Mussolini walimsaidia Franco, na Urusi ya Stalin ikaiuzia jamhuri silaha. Orwell alifika Barcelona Desemba 1936 akajiunga na wanamgambo wa POUM, chama kidogo cha Wamaksi waliompinga Stalin. Mei 1937 alipigwa risasi ya shingo akiwa mstari wa mbele, akanusurika. Hata hivyo, kilichombadilisha zaidi si risasi. Wakoministi waliofuata amri za Moscow walitangaza kwamba POUM ni majasusi wa Franco. Mwezi Juni chama kilipigwa marufuku, kiongozi wake Andreu Nin akakamatwa na kuuawa, na watu waliotoka vitani wakiwa na majeraha wakatupwa jela kama wasaliti. Orwell alilala nje akijificha, kisha yeye na mkewe Eileen wakatorokea Ufaransa kwa treni. Alipofika nyumbani alikuta magazeti ya Uingereza yakirudia uongo uleule, na wasomi wakiuamini. Ukimchambua yule nguruwe msemaji, Squealer, anayegeuza jeupe kuwa jeusi, anzia hapa.

Yaliyotokea Hispania yalikuwa tawi la mambo ya Urusi. Mwaka 1917 mfalme Nikolai wa Pili aliangushwa, na Wabolsheviki chini ya Lenin wakashika madaraka. Lenin alifariki 1924. Stalin akamshinda Trotsky, akamfukuza nchini mwaka 1929. Trotsky aliuawa Mexico mwaka 1940. Wakulima walilazimishwa kuingia mashamba ya pamoja, na njaa ya 1932 na 1933 ikaua mamilioni, hasa Ukraine. Kati ya 1936 na 1938 wanamapinduzi wakongwe walisimamishwa mahakamani Moscow, wakakiri makosa ambayo hawakuyatenda, wakapigwa risasi. Sasa soma tena sura ambapo wanyama wanakiri hadharani na kuraruliwa na mbwa.

Wazo la kutumia wanyama lilimjia kijijini alikokuwa akiishi, alipomwona mtoto wa kama miaka kumi akimchapa viboko farasi mkubwa wa mkokoteni. Aliwaza: wanyama wakiitambua nguvu yao, nani angewatawala? Aliandika riwaya kati ya Novemba 1943 na Februari 1944. Wakati huo Urusi ilikuwa rafiki wa Uingereza dhidi ya Hitler, hivyo mchapishaji mmoja baada ya mwingine akaukataa mswada. Juni 1944 bomu la Wajerumani liliharibu nyumba yake London, na mswada ukachimbuliwa kwenye kifusi. Kitabu kilitoka tarehe 17 Agosti 1945, miezi michache baada ya kifo cha Eileen. Kabla hakijatoka, Orwell alibadilisha sentensi moja. Kinu kinapolipuliwa wanyama wote wanajitupa chini, isipokuwa Napoleon. Alifanya hivyo kwa haki, kwa sababu Stalin hakuikimbia Moscow Wajerumani walipokaribia. Wengi hukipita kipengele hiki, nacho kinaonyesha kwamba mwandishi hakuandika kwa chuki tupu.

Kwa hiyo usiandike kwamba Orwell alipinga usoshalisti. Aliuamini hadi alipofariki kwa kifua kikuu London, tarehe 21 Januari 1950, akiwa na umri wa miaka 46. Alichopinga ni mapinduzi kutekwa na wachache, na ukweli kufutwa ili wachache hao wabaki madarakani.

Tafsiri ya Kiswahili ya Fortunatus Kawegere ilichapishwa Nairobi mwaka 1967. Ipo pia filamu ya katuni ya 1954, ambayo shirika la ujasusi la Marekani, CIA, liligharimia kwa siri. Humo mwisho umegeuzwa: wanyama wanawapindua nguruwe. Katika kitabu wanabaki nje ya dirisha wakichungulia, wasiweze kutofautisha nguruwe na binadamu. Mtihani unatoka katika kitabu.