Grace Ibingira: Kutoka baraza la mawaziri hadi Luzira

Jina la Grace Ibingira hutajwa zaidi linapozungumzwa suala la bendera ya Uganda, kwa kuwa ndiye aliyeipendekeza akiwa Waziri wa Sheria mwaka 1962. Kinachotajwa kwa nadra ni kwamba tofauti za kisiasa ndani ya serikali hiyo hiyo zilimfikisha gereza la Luzira.

Alizaliwa Ankole mwaka 1932 na kusomea sheria Aberystwyth, Wales. Mwaka 1964, katika mkutano mkuu wa chama cha UPC mjini Gulu, alimshinda John Kakonge, mwanasiasa wa mrengo wa kushoto, katika nafasi ya katibu mkuu. Ibingira alihesabiwa kuwa rafiki wa nchi za Magharibi.

Congo ndiyo iliyochochea moto. Serikali ya Milton Obote iliwaunga mkono waasi waliokuwa wakipigana na utawala wa Moïse Tshombe. Februari 1965 ndege za Congo zilishambulia Paidha na Goli, magharibi ya mto Nile. Mei mwaka huo, malori yaliyobeba silaha za China kutoka Tanzania kwenda Uganda yalikamatwa nchini Kenya bila kibali, na Obote akalazimika kuyamaliza na Mzee Jomo Kenyatta. Tetesi za mgawanyiko serikalini zikazagaa, na kwa mabalozi waliokuwa Kampala ikawa vigumu kujua nani hasa anaisemea Uganda.

Februari 4, 1966, mbunge Daudi Ocheng alidai bungeni kuwa Kanali Idi Amin na vigogo wa serikali walinufaika na dhahabu ya Congo. Bunge likataka uchunguzi. Februari 22, kikao cha baraza la mawaziri mjini Entebbe kikiendelea, askari waliingia na kumkamata Ibingira pamoja na mawaziri wengine 4.

Walikata rufaa katika Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, chombo cha pamoja cha kanda, nayo ikaona kuwa sheria iliyotumika kuwashikilia ilikiuka katiba. Waliachiwa, kisha wakakamatwa tena papo hapo kwa kanuni za hali ya hatari zilizotumika Buganda. Hukumu ya kanda ilitii herufi tu.

Aliyemfungulia mlango ni Amin, alipotwaa madaraka Januari 1971. Alimteua pia kuwa balozi Umoja wa Mataifa, New York. Huko ndiko alikokuwa Agosti 1972 Waasia walipofukuzwa Uganda, na Septemba Amin alipompelekea Katibu Mkuu Kurt Waldheim ujumbe wa kumsifu Hitler. Safari hii hapakuwa na tetesi za kukanusha, maana maneno yalikuwa ya rais mwenyewe.

Baadaye aliuacha ubalozi, akabaki uhamishoni na kuandika vitabu kuhusu misukosuko ya Afrika huru. Alifariki mwaka 1995. Bendera aliyoipendekeza inapepea hadi leo.