Hippocrate, munganga mwenye aliangalia kucha

Hippocrate alizaliwa mu mwaka wa 460 hivi mbele ya Yesu, ku kisanga cha Kos, Ugiriki. Alizunguka miji akitibu. Wanasema alikufa mzee, kule Larissa. Vitabu vya shule yake vinaeleza jambo lenye sisi wa mine inafaa tujue: mtu mwenye usaha kifuani, kucha zake zinapinda kama mgongo wa kijiko. Mpaka leo wanaviita vidole vya Hippocrate.

Tuunganishe kucha mbili za mikono yote miwili, mgongo kwa mgongo. Hakuna katundu ka mwanga katikati? Basi tuache kupaka mafuta, twende kupigisha radio ya kifua. Mara mingi ni mapafu ao moyo. Wakitibu kifua, kucha inaweza kurudia.